Barua ya wazi kwa mpwa wangu: mshenga, mjumbe na mlango wa uani

Mpwa wangu,

Juzi ulinikatiza maneno. Nilikuwa nakusimulia jinsi Marekani na China zilivyorudi kusemezana mwaka 1971, Rais Nixon alipomtuma Beijing kwa siri mshauri wake wa usalama wa taifa, Henry Kissinger, nawe ukadakia: "Mjomba, si wangemtuma Waziri wa Mambo ya Nje? Kwani kazi yake nini?" Kisha ukacheka na kusema kwamba anayekwenda kwa adui usiku anawaficha wa kwake, si adui. Nikanyamaza kwa sababu sikuwa na jibu fupi. Refu ndilo hili, na naliweka hadharani kwa kuwa unao wenzako wanaofikiri kama wewe. Hata mimi nusu yangu iko upande wenu.

Kwanza upime ukubwa wa kimya chenyewe. Tangu Oktoba 1949, Mao alipotangaza Jamhuri ya Watu wa China, Washington haikuitambua; kwake serikali ya China ilikuwa ile iliyokimbilia Taiwan. Mwaka uliofuata askari wao wakawa wanauana Korea. Na inasimuliwa kuwa kule Geneva mwaka 1954, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, John Foster Dulles, alikataa mkono wa Zhou Enlai, Waziri Mkuu wa China. Iwe ilitokea hivyo hasa au ilikuzwa, Wachina hawakuisahau.

Sasa sikiliza vizuri. Mahali rasmi pa kuongea palikuwapo! Mabalozi wao walikutana Geneva kuanzia 1955, baadaye Warsaw, hadi vikao vikafika 136. Kila upande uliingia na karatasi yake, ukaisoma, ukasikiliza ya mwenzake, ukaaga. Ukiacha makubaliano ya mwanzo ya kuwarudisha raia makwao, sioni cha maana kilichotoka humo. Kwa hiyo usidhani watu walikimbilia mlango wa uani kwa kupenda giza tu. Mlango wa mbele ulikuwa umeota kutu.

Kilichobadilisha mambo ni hofu. Machi 1969 Wachina na Warusi walipigana risasi kwenye mto Ussuri, wakigombea kisiwa kisicho na mkaaji. Beijing ikaanza kumwogopa jirani wa kaskazini kuliko Mmarekani wa mbali. Nixon naye alikuwa na Vietnam shingoni, na alitaka karata ya kuichezea Moscow. Kila mmoja akawa anamtaka mwenzake na hakuna aliyetaka kuonekana ameanza.

Wakaanza kukonyezana, na konyezo nyingine zilichekesha. Desemba 1969, balozi wa Marekani mjini Warsaw, Walter Stoessel, ambaye alishaagizwa awatafute Wachina, aliwaona kwenye maonyesho ya mavazi ya Yugoslavia. Walipomwona wakatoka. Akawafuata mbio hadi akamfikia mkalimani wao, akamwambia kwa Kipoland kwamba rais wake anataka mazungumzo ya maana. Balozi mzima, mpwa wangu, anamkimbiza mkalimani! Mwaka mmoja karibu baadaye, tarehe 1 Oktoba 1970, Mao alimsimamisha mwandishi Mmarekani Edgar Snow kando yake juu ya lango la Tiananmen, mbele ya umati wa sikukuu ya taifa. Kwa Wachina hilo lilikuwa tangazo kwa kipaza sauti. Washington hawakulisoma.

Konyezo zinapopita bila kuonekana, hutafutwa mshenga. Nixon alijaribu wawili: Romania, na Pakistan ya Jenerali Yahya Khan, rafiki wa pande zote mbili. Yahya ndiye aliyeshika kazi. Alimwona Nixon Oktoba 1970, akaenda Beijing Novemba, na Desemba balozi wake mjini Washington, Agha Hilaly, akamletea Henry Kissinger jibu la Zhou lililoandikwa kwa mkono. Zhou alifurahia kwamba hii ni mara ya kwanza neno kutoka "kwa mkuu, kupitia kwa mkuu, kwenda kwa mkuu". Majibu ya Wamarekani yalipigwa chapa kwenye karatasi tupu, bila nembo wala saini, ili siku yakidondoka njiani yasiwe na mwenyewe.

Aprili 1971 wachezaji wa mpira wa meza wa Marekani wakaalikwa China, na dunia nzima ikaona. Picha zile unazijua, siziongezei neno. Wiki mbili hivi baadaye, tarehe 27 Aprili, Hilaly akaleta karatasi nyingine: China iko tayari kumpokea Beijing mjumbe maalumu wa rais, kwa mfano Bwana Kissinger, au Waziri wa Mambo ya Nje, au hata rais mwenyewe.

Na hapa nakupa silaha ya kunipigia: Wachina walisema kumpokea hadharani. Aliyeomba giza ni Mmarekani, na Wachina walishangaa kidogo. Nixon aliogopa kwamba habari ikivuja, marafiki wa Taiwan kwenye Bunge na ndani ya chama chake mwenyewe wangeiua safari kabla haijaanza. Aliogopa pia wizara yake. Tayari unaona usemi wako una mizizi.

Usiku huo Nixon na Kissinger wakaongea kwa simu wakichambua majina, na maandishi ya mazungumzo yao yapo. David Bruce, mwanadiplomasia mkongwe? Huyo alikuwa anaongoza ujumbe wa Marekani kwenye mazungumzo ya Vietnam kule Paris. Kumtuma Beijing kungechanganya mambo mawili mbele ya Wachina waliokuwa wakiwaunga mkono Wavietnam wa Kaskazini. Nelson Rockefeller, gavana wa New York? Jina kubwa, Wachina wangelistahi, ila nidhamu yake ilitiliwa shaka. George Bush, yule mzee, aliyekuwa balozi kwenye Umoja wa Mataifa? Kissinger alimkataa papo hapo: laini mno, na hajapevuka kwa shughuli ya namna hiyo. William Rogers, Waziri wako wa Mambo ya Nje? Hata hawakumpima kwa dhati.

Kumbuka anayetoa kasoro za wenzake ni mtu ambaye jina lake tayari liko kwenye barua ya Zhou. Ukimwuliza fisi nani alinde bucha, atamtafutia kila mtu kasoro isipokuwa mmoja. Lakini Nixon naye hakuwa mtoto. Alipomteua Kissinger alijua anachonunua, na Kissinger mwenyewe aliandika baadaye kwamba kati ya wote waliofikiriwa, yeye ndiye rais angeweza kumdhibiti zaidi. Rockefeller alikuwa na mali na wapiga kura wake. Rogers alikuwa na wizara nzima nyuma yake, yenye mafaili na watu wanaoongea na magazeti. Kissinger, profesa mzaliwa wa Ujerumani, hakuwa na pa kuegemea isipokuwa kwa bosi. Akifaulu, sifa itapanda ghorofani. Akishindwa, hakuna safari iliyofanyika. Tena alishazoea kuingia na kutoka Paris kimyakimya kuonana na Wavietnam.

Ndiyo maana nasema swali lako "kwa nini si Waziri" lina jibu lake ndani. Waziri hatembei peke yake. Ukimtuma yeye umetuma serikali, na Nixon hakutaka kutuma serikali.

Safari yenyewe ungeipenda. Kissinger aliondoka mwanzoni mwa Julai kwa ziara ya wazi: Saigon, Bangkok, New Delhi, Pakistan. Jioni ya tarehe 8, mezani kwa Yahya, likazuka tumbo la kuumwa. Yahya akamsihi kwa sauti ya kusikika akapumzike milimani, Nathiagali. Msafara wa magari ukaenda huko kweli, bila mgonjwa. Alfajiri ya tarehe 9 mgonjwa alikuwa ndani ya ndege ya shirika la Pakistan, na Wachina waliotumwa kumchukua walikuwa wameshakaa vitini. Walinzi wake wawili, ambao hawakuwa wameambiwa lolote, karibu wapatwe na kiharusi. Halafu ndege ikiwa angani akagundua hana mashati ya kubadilisha. Akaazima ya msaidizi wake John Holdridge, jitu refu, na kwenye ukosi yaliandikwa kuwa yametengenezwa Taiwan. Ukitunga jambo hilo kwenye hadithi, msomaji atakwambia umezidisha.

Alikaa Beijing saa 48 hivi. Kati ya hizo, 17 aliongea na Zhou, na waligombana zaidi juu ya tangazo fupi la pamoja: nani ameomba? Rasimu ya kwanza ya Wachina ilimwonyesha Nixon kama mtu aliyebisha hodi. Walipopatana, ikawa kwamba Zhou, akijua hamu ya Nixon ya kuitembelea China, amemkaribisha. Hamu kwa huyu, ukarimu kwa yule, na uso wa kila mmoja umesalimika. Kissinger akatuma neno moja la siri nyumbani: Eureka, yaani nimepata. Tarehe 15 Julai Nixon akatangaza kwenye televisheni kwa dakika chache tu, na watu wakabaki midomo wazi.

Sasa tuwahesabu waliofichwa.

Rogers aliambiwa wakati Kissinger yuko njiani. Waziri Mkuu wa Japani, Sato, rafiki mkubwa wa Marekani barani Asia, alijulishwa dakika chache kabla ya tangazo. Wajapani wanalikumbuka jambo hilo kama "mshtuko wa Nixon". Hizo ni aibu, na aibu hupona.

Haya mengine hayaponi. Tarehe 25 Machi 1971 jeshi la Yahya, mshenga wetu, lilianza kuwaua watu wake wa Pakistan Mashariki, Bangladesh ya leo. Tarehe 6 Aprili, konseli wa Marekani mjini Dacca (Dhaka ya leo), Archer Blood, pamoja na maafisa wapatao 20, walituma simu ya maandishi kupinga kimya cha serikali yao. Blood akaondolewa kituoni. Na waraka wa sera juu ya Pakistan uliopelekwa kwa Nixon una tarehe 28 Aprili, kesho yake ile simu ya kuchagua mjumbe. Nixon aliuandikia kwa mkono wake kwamba watu wote wasimbane Yahya kwa wakati huu. Kufikia mwisho wa mwaka wakimbizi wapatao milioni 10 walikuwa wamevuka kuingia India.

Utaniambia hapakuwa na mlango mwingine. Ulikuwapo wa Romania. Na baada ya Julai walifungua mwingine Paris, kati ya Jenerali Vernon Walters wa Marekani na balozi Huang Zhen wa China, ukafanya kazi vizuri bila Yahya. Hata hivyo Desemba, vita na India vilipozuka, Marekani bado ilikuwa upande wa Yahya na ikapeleka manowari ya kubeba ndege kwenye Ghuba ya Bengal. Mshenga alikuwa ameshalipwa, wakaendelea kumlipa.

Bush pia nakumbusha, maana mkasa wake unatugusa. Oktoba 1971 alikuwa New York akihangaika kukitetea kiti cha Taiwan kwenye Umoja wa Mataifa, huku Kissinger yuko Beijing kwa mara ya pili akiandaa ziara ya rais. Unamwomba nani kura, wakati bosi wako anakunywa chai na upande wa pili? Tarehe 25 azimio la kuipa Beijing kiti hicho likapita kwa kura 76 dhidi ya 35, na kati ya walioshangilia ukumbini alikuwamo kijana wa Kizanzibari, balozi wa Tanzania, Salim Ahmed Salim. Marekani haikusahau. Mwaka 1981, Salim alipogombea ukatibu mkuu wa umoja huo, ilimzuia kwa kura ya turufu duru baada ya duru. Makamu wa rais wakati huo aliitwa George Bush.

Na wataalamu waliofungiwa nje walikuwa na kazi yao. Februari 1972, Nixon akiwa China, rasimu ya tamko la pamoja ilikuwa imeshakubaliwa usiku na mchana bila wizara. Walipoonyeshwa kule Hangzhou, afisa mmoja, Marshall Green, akaona shimo: Marekani imetaja ahadi zake za ulinzi kwa Korea Kusini na Japani, na Taiwan, ambayo nayo ilikuwa na mkataba, haimo. Ingetafsiriwa kuwa imeuzwa. Ikabidi Kissinger arudi kwa Wachina usiku, kwa aibu, maneno yabadilishwe. Jicho moja la wizara, dakika chache za kusoma, na hatari ikaepushwa. Hapo uliposema "kwani kazi yake nini", ulikuwa umegonga penyewe.

Basi niseme msimamo wangu. Safari ya kwanza ningeificha, na ningemtuma huyohuyo. Dulles akikataa mkono hadharani, kidonda kinakaa miaka 17. Mjumbe wa siri akikataliwa, anarudi na tumbo lake linalouma. Lakini Rogers ningemwambia mapema, na watu wa Dacca nisingewaweka rehani kwa ajili ya ndege ya kuazima.

Ipo picha ya Nixon alipoonana na Mao, tarehe 21 Februari 1972. Rogers hakuitwa kwenye kikao kile. Aliyeingia na Nixon na Kissinger ni kijana mwandishi wa kumbukumbu, Winston Lord, na ili Waziri asione kwamba kijana ameingia naye ameachwa, Wamarekani waliomba Lord akatwe kwenye picha zitakazotolewa. Akakatwa.

Tukionana, uje na jina la mjumbe wako. Na chini yake uniandikie majina ya watakaofichwa.

Ni mimi, mjomba wako.