Daktari kasema nisimuulize, na mtoto kanyamaza

Shangazi, shikamoo.

Ni saa tisa usiku, sijapata usingizi. Mwanangu anaumwa tumbo, na usinijibu kwamba nimpeleke hospitali. Nimempeleka. Nina bahasha ya kaki imejaa mpaka haifungi: choo kimepimwa mara 3, mkojo sikumbuki mara ngapi, damu, utrasaundi 2. Kila zahanati ilikuwa na lake. Huku minyoo, kule UTI, kwingine taifodi, akachomwa sindano siku 5 na tumbo likabaki lile lile. Mama mkwe akasema ni chango, akamkanda na mafuta ya nyonyo. Nikakubali, ningefanyaje.

Baba yake ni wa malori ya Kongo, nyumbani tunamwona siku tatu nne kwa mwezi. Safari hii aliifungua ile bahasha, akasoma karatasi moja moja, kawaida, kawaida, kawaida, akanirudishia. Akasema, "Unauguza mtoto mzima." Mbele ya mama yake. Shangazi, mtoto mzima! Yeye hajawahi kumwona saa kumi na moja alfajiri amekaa juu ya ndoo, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, amejikunja kashika kitovu, jasho limemtoka puani na gari la shule linapiga honi nje.

Na wasiseme anakwepa shule kwa sababu ya mtihani wa darasa la nne, maana hata Jumamosi linamuuma. Naweka alama kwenye kalenda, mwezi uliopita zilikuwa siku 11. Ni kweli alipokwenda Lushoto kwa mama yangu wiki mbili halikumuuma hata siku moja, lakini kule hewa ni nyingine.

Daktari bingwa wa watoto tuliyemwona mwezi wa sita ndiye wa kwanza kutusikiliza. Alimbonyeza tumbo, akampima uzito na urefu, basi. Akauliza: anakonda? Kuna damu kwenye choo? Anatapika nyongo? Anapata homa? Maumivu yanamwamsha usingizini? Yote hapana. Akasema haigizi, linauma kweli, ila humo ndani hakuna kidonda wala mdudu. Eti kuta za tumbo na utumbo zina chembe za neva zaidi ya milioni 100, na zinaongea na ubongo mchana kutwa usiku kucha. Kwa watoto wengine maongezi hayo yana sauti ya juu mno. Gesi ambayo mimi na wewe hatuisikii, yeye inamchoma kama kisu, na akiwa na wasiwasi ndiyo zaidi. Akafananisha na king'ora cha gari: paka akirukia boneti kinalia kama vile mwizi kaingia. Mwizi hayupo, ila mlio upo. Nililia mle mle ofisini kwake. Mwenye maneno ya mtoto mzima angekuwepo siku ile.

Masharti alitoa. Aende shule hata likimuuma kidogo. Afundishwe kuvuta pumzi taratibu mpaka tumboni. Aonane na mwanasaikolojia, maana kwa tumbo la namna hii mazungumzo husaidia kuliko vidonge. Baba yake kusikia hivyo akasema mwanawe si kichaa. Nimempeleka kwa siri mara 2, hela nikachukua kikoba, ya tatu imekwama. Vipimo sitaki tena kuvisikia, ingawa jirani kanielekeza mahali wanapoingiza kamera tumboni na nilikuwa nipige simu kesho niulize bei.

Sharti la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Nisimuulize kila mara kama tumbo linauma, kwa sababu kila nikiuliza naye analisikiliza. Nimeacha kuuliza. Wiki 3 sasa hajaniambia linamuuma. Ningeshukuru. Lakini juzi dada wa kazi kaniambia mtoto hujifungia chooni asubuhi, akitoka anamwambia, "Usimwambie mama."

Kuna kitu sijakwambia. Mwezi wa nne, kabla hatujamwona huyo daktari, nilimchapa na mwiko. Mara 2 tu, mapajani. Marejesho ya kikoba yalikuwa yamefika, sina kitu, gari linapiga honi. Nikamwambia aache uongo. Wala hakulia, akavaa soksi ya pili akatoka.

Sasa huku kunyamaza, kapona au ananiogopa? Nikimuuliza navunja sharti. Nisipomuuliza, anabaki peke yake chooni na tumbo lake. Na neno la kumwambia kuhusu ule mwiko sina, kwetu mama hamwombi mtoto radhi, au siku hizi wanaomba?

Baba yake anaingia Ijumaa. Atamkuta anakwenda shule bila neno, na najua atakachosema.