Shangazi, lishushe lile gitaa

Shikamoo Shangazi,

Nilipokuja kuaga mwezi uliopita niliona lile gitaa bado limetundikwa sebuleni, juu ya kabati la vyombo, limebaki na nyuzi tatu. Nilitaka kukuuliza, lakini wageni walikuwa wengi. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako mwenye gitaa la namna hiyo.

Kuna mama mmoja wa Marekani nataka umjue, Elizabeth Cotten. Alizaliwa 1893 huko North Carolina, akakulia Carrboro, karibu na reli. Kaka yake alikuwa na banjo, naye kaka akienda kazini, binti anaichukua kwa siri. Alikuwa mwenye shoto, Shangazi, kama wewe. Hakuna aliyemfundisha wala kumchapa ule mkono, kama mwalimu wako alivyokuchapa. Aliigeuza tu banjo juu chini, akapiga.

Gitaa lake la kwanza lilikuwa la dola 3.75. Alilinunua kwa kazi za ndani katika nyumba za Wazungu, angali mtoto, akianza kwa senti 75 kwa mwezi. Nalo akaligeuza. Mpiga gitaa wa kawaida hupiga besi kwa kidole gumba, na wimbo wenyewe kwa vidole vingine. Kwake nyuzi nene zilikaa chini, kwa hiyo vidole vikashika besi na kidole gumba kikashika wimbo. Sikiliza rekodi zake usiku kukiwa kimya: besi inakwenda kama magurudumu relini, haina haraka, na wimbo unapita juu yake. Wanaotumia mkono wa kulia wanahangaika kuuiga mtindo huo mpaka leo, na unaitwa kwa jina lake.

Akiwa bado msichana alitunga “Freight Train”, wimbo wa treni ya mizigo. Halafu akaolewa, akapata mtoto, na kanisani kwake akaambiwa aachane na nyimbo za kidunia. Akaacha. Unaijua hiyo sehemu kuliko mimi. Miaka mingi sana ikapita, akipika na kufua kwa watu.

Akiwa Washington, akifanya kazi katika duka kubwa, aliokota mtoto aliyepotea, akamrudisha kwa mama yake. Mama huyo alikuwa Ruth Crawford Seeger, mtunzi wa muziki, naye akampa kazi nyumbani kwake. Mle ndani lilikuwemo gitaa ukutani. Siku moja yule mtoto, Peggy, alimkuta mama wa jikoni analipiga.

Wengi wakifika hapa husifu uvumilivu wake. Mimi hunichoma. Sitaki tumpongeze mwanamke Mweusi kwa kuvumilia kana kwamba miaka ile ilikuwa zawadi. Hata alipoanza kusikika hawakumwacha: Peggy alipoupeleka wimbo wake Uingereza, wengine waliuandikisha kwa majina yao, ukavuma huko 1957, na jina la Cotten lilirudishwa baada ya kupiganiwa. Vera Hall wa Alabama naye, mpishi na mfua nguo, alifariki 1964. Mwaka 1999 sauti yake, kutoka rekodi ya zamani, ilizunguka dunia ndani ya wimbo wa Moby, mwanamuziki wa Marekani, na wengi walioucheza hawakujua ni ya nani.

Nguvu ninayoiona kwa Cotten iko kwenye vidole. Alipolichukua lile gitaa jikoni, mkono ulikuwa haujasahau. Mike, kaka yake Peggy, akamrekodi, na albamu ikatoka 1958, yeye ana zaidi ya miaka 60. Baada ya hapo alizunguka majukwaani karibu miaka 30. Alipopewa tuzo ya Grammy mwaka 1985 alikuwa amevuka 90. Alifariki 1987 huko Syracuse, New York.

Wewe una 58, Shangazi. Baba anasema ulikuwa unapiga mpaka majirani wanakuja kukaa barazani, na kwamba ulikuwa unalishika kinyume, wakakucheka.

Nakuja Krismasi. Nimeshanunua seti nzima ya nyuzi, sita. Nitazifunga mimi, kama za mtu wa mkono wa kulia, halafu utaligeuza mwenyewe.