Risala ya wanafunzi wa shahada ya sayansi ya ufungashaji kwa Mgeni Rasmi, siku ya maonesho ya kazi za wanafunzi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wahadhiri wetu, wazazi na wageni waalikwa,
Itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuona kazi zetu. Kwa ruhusa yako, tutaeleza kwa ufupi tunachojifunza, kisha tutafikisha maombi mawili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wakisikia ufungashaji hufikiria lebo nzuri na mfuko unaong'aa. Lebo imo, lakini inakuja mwishoni. Mwanzo ni kemia, fizikia na hisabati, halafu malighafi nne: kioo, metali, karatasi na plastiki. Baada ya hapo tunasoma mashine, usafirishaji, sheria na mradi wa mwaka wa mwisho. Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, kilianza kufundisha fani hii mwaka 1952, na hadi leo ina skuli yake pale.

Tuchukue boksi la kadibodi, maana ndilo linalobeba bidhaa nyingi za nchi hii. Mtu akisema boksi lake ni imara, sisi tunamuuliza: imara kwenye unyevu gani, kwa siku ngapi, na limepangwaje? Boksi lenye urefu wa milimita 400 na upana wa milimita 300 lina mzunguko wa mita 1.4. Kadibodi ya wimbi C, moja ya aina za kadibodi zinazotajwa kwa ukubwa wa mawimbi ya karatasi yaliyo katikati yake, ina unene wa kama milimita 4. Ikiwa ukingo wake unahimili kilonyutoni 7 kwa kila mita, fomula ya McKee ya mwaka 1963, ya kukadiria mzigo ambao boksi linaweza kuhimili, inatupa jibu: zidisha 5.87 kwa nguvu ya ukingo, kisha kwa kipeuo cha pili cha zao la mzunguko na unene, vyote kwa mita. Unapata nyutoni 3,075 hivi, sawa na uzito wa kilo 313.

Sasa panga maboksi nane kwenda juu, kila moja likiwa na kilo 10. La chini kabisa linabeba kilo 70. Mwenye mali anaona ana akiba zaidi ya mara nne, analala usingizi.

Lakini unyevu wa hewa ukifika asilimia 90, kama asubuhi za masika kule pwani, karatasi hunywa maji na boksi hupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Likikaa chini ya mzigo mwezi mzima, linabakiwa na takriban asilimia 60 ya kile kilichosalia. Na wapakizi wakipanga kwa kupishanisha kama matofali, nusu nyingine inaweza kuondoka, kwa sababu nguvu ya boksi imo kwenye pembe zake nne, na pembe ya boksi la juu imekaa katikati ya ukuta wa boksi la chini, mahali palipo dhaifu. Zile kilo 313 zimekuwa 47, na mzigo ni kilo 70 zilezile. Boksi la chini litatoa tumbo, kisha safu nzima itaegemea upande mmoja. Hapo dereva atalaumiwa bure.

Dawa yake haina gharama kubwa. Panga pembe juu ya pembe, nguvu ipande hadi kilo 94, kisha funga safu za juu kwa mkanda zisiteleze. Chagua vipimo vinavyoendana na paleti, yaani jukwaa la kupangia mizigo: boksi la milimita 400 kwa 300 hukaa kumi kamili kwenye paleti ya milimita 1,200 kwa 1,000, bila pembe hata moja kuning'inia nje.

Kwenye mifuko, kosa tunalolikuta mara nyingi ni la mshono wa moto. Mshono unataka mambo matatu kwa pamoja: joto, muda na mgandamizo. Fundi akiona mfuko unaachia huongeza joto, plastiki inajikunja na kutoboka, kumbe tatizo ni vumbi la unga au la pilipili lililonasa midomoni. Plastiki haishikani na vumbi. Tunapima kwa kuzamisha mfuko kwenye tangi la maji lenye kifuniko na kuvuta hewa ya juu: palipo na tundu, mapovu hutoka kwa mstari. Mfuko unaweza kupita kipimo hicho na bado ukawa haufai kwa bidhaa iliyomo. Mfuko wa poliethilini huzuia mvuke wa maji vizuri, ila hupitisha oksijeni, ndiyo maana karanga zilizofungwa humo hubaki kavu na bado hutoa harufu ya mafuta ya zamani.

Kuhusu barkodi tuseme moja tu: usichapishe mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe. Vifaa vingi vya kusomea hutumia mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo mistari hiyo haionekani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu la kwanza ni chumba cha kutulizia sampuli. Mashine ya kugandamiza maboksi tunayo. Tunachokosa ni hewa isiyobadilika. Utaratibu wa kimataifa unataka karatasi ikae kwenye nyuzi joto 23 na unyevu wa asilimia 50 kabla ya kupimwa, na kwa kadibodi tunahesabu saa 24. Bila hivyo, boksi lilelile likipimwa asubuhi ya mvua na mchana wa jua hutoa majibu mawili, na hakuna kiwanda kitakachoamini cheti chetu. Tunaomba chumba kidogo chenye milango miwili inayofuatana, kiyoyozi, kifaa cha kuondoa unyevu na cha kuuongeza, pamoja na umeme wa akiba. Mashine mpya zinaweza kusubiri, chumba hakiwezi. Kwa sasa tunatumia ndoo zenye vifuniko na chumvi ya mezani iliyoloweshwa hadi isiyeyuke tena, ambayo hushikilia unyevu wa asilimia 75. Ni njia sahihi, ila ndoo haiingii boksi zima.

La pili, utusemee kwa wenye viwanda watupokee kwa mafunzo ya vitendo, na watuoneshe mizigo iliyorudishwa na wateja. Boksi lililopasuka linaonesha lilianzia kupasukia wapi, na hilo halimo kwenye vitabu.

Mbele yako kuna vipande viwili vya kadibodi vilivyokatwa kutoka karatasi moja. Cha kushoto kimetoka kwenye ndoo ya chumvi, cha kulia kilikuwa kwenye chombo kikavu. Tunakukaribisha ubonyeze kitufe cha kijani cha mashine ya kugandamiza, uanze na cha kulia, na usome namba zote mbili kwa sauti.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa Shahada ya Sayansi ya Ufungashaji