Anayebadilisha oili nyumbani awe na faneli mbili

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie faneli, kifaa cha kumiminia chenye mdomo mpana na shingo nyembamba, ambacho makala za magari hukipita bila kukitaja. Makala hizo hutueleza vizuri tofauti kati ya oili nyepesi ya 5W-30 na ile nzito ya 20W-50, hutukumbusha kubadilisha filta kila oili inapobadilishwa, na hutuonya kuhusu oili bandia; lakini zikifika mahali ambapo oili inatakiwa kuingia ndani ya injini, huandika tu "mimina oili mpya" na kuendelea na mengine. Kwa mtu anayeifanya kazi hii mwenyewe nyumbani, asiye na zana za gereji, hapo penye maneno matatu ndipo uchafu wote unapoanzia. Rai yangu ni kwamba mtu huyo awe na faneli mbili, moja ya oili mpya na nyingine ya oili chafu, na kwamba faneli hizo zisibadilishane kazi hata siku moja.

Wapo watakaosema kwamba mkono uliozoea hauhitaji faneli, na kwamba matone machache juu ya injini hayajamuua mtu. Mkono uliozoea upo, sibishi. Hata hivyo, katika magari mengi mdomo wa kujazia oili uko juu ya kifuniko cha vali, yaani mfuniko mkubwa wa juu ya injini, na upande mmoja wa kifuniko hicho, chini kidogo, ndiko zinakopita eksozi. Oili ikitiririkia huko, injini ikishapata moto hutoa moshi na harufu kali inayoingia hadi ndani ya gari, na ikiwa imelowanisha kitambaa kilichosahaulika au kizuia joto kinachofyonza oili, inaweza kuwaka. Ikishukia upande wa mikanda, mkanda huteleza na mpira wake huharibika kabla ya wakati. Hasara nyingine, ambayo watu wachache huihesabu, ni kwamba oili iliyomwagika juu haina tofauti kwa macho na oili inayovuja. Mwenye gari hupeleka gari kwa fundi wiki mbili baadaye, fundi akaona ubavu wa injini umelowa, akashauri gasketi ya kifuniko cha vali, yaani kizibo kinachozuia oili isivuje, ibadilishwe. Gasketi isiyo na kasoro ikatupwa, na kosa lilikuwa la kumimina.

Sasa nieleze kwa nini faneli yenyewe nayo huweza kumwaga oili, kwa sababu wengi waliwahi kuijaribu wakaiacha kwa sababu hiyo. Injini iliyotolewa oili ya zamani haiko tupu: imejaa hewa, na kila kiasi cha oili kinachoingia lazima kitoe hewa ya kiasi hicho hicho. Shingo ya faneli ikibana mdomo wa injini pande zote, hewa inakosa njia, kwa hiyo inapanda juu kupitia kwenye oili ileile inayoshuka. Utaona oili imesimama ndani ya faneli kana kwamba shingo imeziba, kisha kiputo kikubwa kinapanda, kinapasuka, na oili inaruka hadi ukingoni. Anayemimina, akidhani kwamba faneli ni ndogo, huinyanyua, nayo inatoa mzigo wake wote kwa mkupuo mmoja. Dawa yake ni nyepesi: inua faneli kiasi cha unene wa kidole, uishikilie hapo, hewa ipate upenyo wa kutokea. Faneli zilizotengenezwa kwa kufikiri huwa na mistari iliyotuna nje ya shingo kwa kazi hiyohiyo. Zipo pia zenye shingo ya kufungwa kwa hesi, yaani kwa kuzungushwa kama skrubu, mahali pa mfuniko wa oili, ambazo husimama zenyewe bila kushikwa na kuacha mikono yote miwili kwenye chupa. Anayeipata inayolingana na gari lake asisite, ila ajue kwamba aina hii haiinuliki, hivyo amimine taratibu.

Chupa nayo ina adabu yake. Vyombo vingi vya lita 4 au 5 vina mdomo ulio pembeni, si katikati, na karibu kila mtu huvishika mdomo ukiwa upande wa chini, kwa kuwa ndivyo tunavyomimina maji. Matokeo yake ni kwamba oili huziba mdomo mzima, chupa inagugumia, na oili inatoka kwa kuruka. Geuza chupa ili mdomo uwe upande wa juu, ulaze chupa polepole. Hewa itaingia juu ya oili na oili itatoka kama uzi usiokatika. Mwenye shaka ajaribu kwa maji kwanza, kwa chombo kingine.

Kuhusu faneli za kubuni, gazeti lililosokotwa kwa umbo la koni ndilo linalotumika sana, na kwa heshima zote, Mhariri, gazeti lako ni zuri kwa kusomwa. Karatasi ikilowa oili hulegea na kuachia nyuzinyuzi, tena hulegea katikati ya kazi, wakati chupa imeshalala. Chupa ya maji iliyokatwa ina nafuu, mradi ikatwe kwa kisu kikali na ukingo wake ufutwe, kwa maana vipande vyembamba vya plastiki vilivyoning'inia hapo ndivyo vitakavyoanguka ndani. Na ikiwa ilikuwa na maji, ikauke kabisa. Mimi ningeiacha chupa ya namna hiyo itumike kwa oili chafu tu.

Hapa nafika kwenye sababu ya faneli mbili. Faneli iliyotundikwa msumarini bila kufunikwa hushika vumbi, na vumbi lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko metali laini za beringi za injini. Ni kweli kwamba filta ya oili ipo kwa kazi ya kukamata chembe kama hizo, lakini filta nyingi zina vali ndogo inayofunguka oili inapokuwa nzito kupita kiasi, kama vile injini ikiwashwa wakati wa baridi, na oili hiyo hupita bila kuchujwa ili injini isikose ulainisho. Wavu unaowekwa ndani ya baadhi ya faneli hauokoi hali. Unazuia mdudu na jani, na chembe za mchanga mwembamba zinapita. Faneli iliyotumika kurudisha oili chafu kwenye dumu huwa na masizi na unga wa metali kwenye shingo, na kuipangusa kwa tambara huongeza nyuzi za tambara. Mbaya zaidi ni faneli moja ya nyumba nzima, ambayo leo inapitisha oili, kesho petroli ya jenereta, keshokutwa maji ya rejeta. Mabaki kidogo ya oili yakiingia katika mafuta ya breki, mipira ya mfumo wa breki huvimba na kulainika, na ukarabati wake si wa kusafisha tu, ni wa kubadilisha vipuri. Faneli ya oili mpya ipanguswe kwa kitambaa safi kisichoachia nyuzi, itiwe ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ufungwe, na iandikwe jina la kazi yake kwa kalamu isiyofutika.

Kazi ya faneli ya pili huandaliwa kwanza chini ya gari, kwa beseni. Nati ya kumwagia oili ikifunguliwa, oili haishuki wima: huruka kwa upinde, mbali na tundu, kisha kadiri inavyopungua ndani ndivyo upinde unavyorudi nyuma, hadi mwishoni inadondoka moja kwa moja chini ya tundu. Beseni lililowekwa chini ya nati kabisa hukosa oili ya mwanzo, na lililosogezwa mbele hukosa ya mwisho. Kwa hiyo beseni liwe pana, liweze kubeba oili yote ya injini na ziada, na mfuniko wa kujazia oili juu uwe umelegezwa ili oili ishuke bila kukatika-katika. Injini iwe na uvuguvugu, isiwe ya moto wa kuunguza, na gari lisimame juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki peke yake. Filta iliyolala ubavuni haisaidiwi na faneli yoyote. Kipande cha plastiki ngumu kilichokunjwa kama mfereji, kikipitishwa chini yake, huielekeza oili kwenye beseni vizuri.

Kutoka kwenye beseni, oili chafu ipite katika faneli hiyo ya pili, pana na yenye shingo nene, iingie katika dumu lenye mfuniko unaokaza. Isiwekwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hasa katika nyumba yenye watoto. Wala isimwagwe mtaroni: Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani limekuwa likieleza kwamba oili chafu ya gari moja, iliyobadilishwa mara moja tu, inaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji safi, yaani takriban lita milioni 3.8. Gereji nyingi hupokea oili hiyo ikiwa haijachanganywa na maji, petroli wala mafuta ya breki, na huo ni ushahidi mwingine kwamba faneli hii nayo isichanganye kazi.

Wenye pikipiki wasidhani kwamba barua hii haiwahusu. Tundu la kujazia la pikipiki nyingi ni dogo na liko ubavuni, karibu na bomba la eksozi, hivyo wao wanahitaji shingo ndefu iliyopinda zaidi kuliko mwenye gari. Na kwa kuwa injini ndogo nyingi huchukua takriban lita 1 tu, oili inayopotea njiani huonekana mara moja kwenye kipimo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Siku nyingine ukurasa wa magari utakapogusia kubadilisha oili, pawekwe michoro miwili: mmoja wa chupa iliyolazwa mdomo ukiwa juu, na mwingine wa faneli iliyoinuliwa kidogo ikionyesha hewa inapotokea. Michoro hiyo ikitosha kukatwa na kubandikwa ukutani, pale watu wanapoweka zana zao, itafaa zaidi.

Ni mimi,
Msomaji wako