Risala ya wajane na watoto wa askari wa Vita vya Kagera kwa Mgeni Rasmi, siku ya kuzuru makaburi, Desemba 27

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, viongozi wetu wa dini, wazee wetu mliopigana vitani, ndugu zetu mliokuja likizo kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko, mabibi na mabwana:

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika kata yetu, siku mbili baada ya Krismasi, siku ambayo kila mwaka tunapita kibanja kwa kibanja kupalilia makaburi ya askari wetu, kuyawekea maua na kuyaombea dua. Tunajua una majukumu mengi, na tunajua pia kwamba barabara uliyopita haikukufurahisha, lakini barabara si mada ya leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ya vita unaijua, hivyo tutaigusa kwa ufupi tu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na Novemba 1 yakatangaza kuwa ardhi yote hii hadi Mto Kagera ni mali ya Uganda. Daraja la Kyaka likabomolewa, na wazazi wetu wakakimbia wakiacha ng'ombe na migomba. Wanajeshi wa JWTZ, pamoja na vijana wa JKT, polisi, magereza na mgambo, waliwarudisha wavamizi walikotoka, na Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Kikundi chetu kilianza mwaka 2011, pale wajane saba walipokubaliana kupalilia kwa zamu makaburi ya waume zao. Tangu hapo tumepata mafanikio makubwa sana: tumenunua viti vya plastiki 60, ambavyo leo umekalia kimojawapo, turubai moja kubwa, majembe na mapanga ya kutosha, na tumeanzisha mradi wa kimkakati wa kuku wa kienyeji ambao unaendelea vizuri ukiacha ugonjwa wa kideri uliopita mwezi wa tisa.

Baada ya mafanikio hayo, tunaomba tulizungumzie jambo moja tu.

Askari waliofia vitani wamelazwa Kaboya, wilayani Muleba, katika makaburi yaliyojengwa na kupangwa kwa safu, na Julai 25, Siku ya Mashujaa, Taifa linawakumbuka kwa gwaride, mkuki na ngao, na mashada ya maua. Kwa hilo tunaishukuru Serikali kwa dhati. Sisi tunawasemea waliorudi. Hawa walivuka Kagera wakiwa wazima au wamejeruhiwa, wakalima kahawa, wakazaa, wakazeeka, wengine na vipande vya chuma mwilini, kisha wakafa kwa malaria, kwa presha au kwa uzee, na wakazikwa nyumbani kwao migombani kama mila yetu ilivyo. Kwa kuwa hawakufia vitani, hawamo katika safu za Kaboya. Na kwa kuwa wamezikwa vibanjani, wanaachiwa familia, nazo familia nyingi zimebaki na bibi mmoja na wajukuu.

Katika kata hii tuna makaburi 31 ya namna hiyo. Mengi yana msalaba wa mbao, au kibao kilichoandikwa kwa rangi ya mafuta, na mvua zetu unazijua: rangi inachuruzika, mchwa anamalizia mbao, majani ya mgomba yanaanguka juu, na baada ya miaka mitano huwezi kutofautisha kaburi la koplo na tuta la viazi. Mwaka juzi kibanja kimoja kiliuzwa, na mnunuzi, ambaye hatumlaumu kwa sababu hakuona alama yoyote, alichimba mashimo ya kupanda kahawa juu ya kaburi la mtu aliyeingia Kampala kwa miguu. Mjane wake alifika wakati shimo la tatu linachimbwa. Yupo hapa leo, Mheshimiwa, amekaa mstari wa pili, mwenye kanga ya kijani, na ametuomba tusimtaje jina ila tuliseme hili.

Ombi letu ni kuyajengea makaburi haya 31 kwa saruji, kila moja likiwa na kibao cha kudumu chenye jina, cheo, kikosi na mwaka wa kufariki. Mafundi wetu wamekadiria mifuko minne kwa kila kaburi, yaani mifuko 124. Mawe na mchanga tumekwisha kusomba wenyewe. Ni lile rundo ulilolipita kando ya ofisi ya kijiji, ambalo sasa limeota magugu likisubiri saruji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, rundo hilo lina historia yake, na tunaomba utuwie radhi tukiieleza. Tulilisomba mwaka 2019, kwa sababu mgeni rasmi wa mwaka huo alisimama mahali utakaposimama wewe, akaahidi mifuko 100, akapigiwa makofi na vigelegele, na akaondoka na mkungu wa ndizi na senene za kukaanga. Mgeni wa mwaka 2021 alituambia kwamba jambo hili amelichukua na atalifanyia kazi. Mgeni wa mwaka 2023 aliagiza tuandike barua. Tuliiandika, tukaipeleka kwa mkono, tukagongewa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake yenye muhuri huo imeambatanishwa na risala hii. Wahenga walisema ahadi ni deni, nasi hatudai riba. Tunaamini kabisa kwamba wote watatu walikuwa na nia njema na kwamba ni shughuli tu ziliwazidi.

Mwalimu Nyerere alipotangaza vita alisema uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Kwa upande wa makaburi haya, sababu tunayo na nia tunayo. Tumepungukiwa na hilo la kwanza tu. Tumechanga mifuko 18, na ndugu zetu waliokuja likizo wameongeza 11 asubuhi ya leo kabla hujafika. Imebaki 95. Hatuombi fedha taslimu, ili pasiwe na maneno. Tunaomba saruji ishushwe pale penye rundo, ikipendeza kabla ya mvua za masika, maana mafundi watakapoingia mashambani hatutawapata tena hadi Juni. Lori la kubebea kutoka Bukoba limepatikana kwa kujitolea, na dereva wake ndiye yule kijana anayesimamia vipaza sauti. Kama jibu ni hapana, tunaomba kwa unyenyekevu tuambiwe leo, ili haya mawe tuyatumie kwenye msingi wa choo cha shule.

Zawadi yako ya kahawa ya kutafuna na mkungu wa ndizi iko tayari, na utakabidhiwa bila kujali jibu.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi