Barua ya wazi kwa mwakilishi wa wadi yetu: Wafungulie watoto kiwanja

Mheshimiwa,

KUH: KIWANJA CHA WATOTO KILICHOZUNGUSHIWA MABATI

Nakusalimu kwa heshima. Barua hii naiandika saa nane usiku nikiwa kazini, ndani ya kibanda cha mlinzi kwenye lango la godauni moja huku Industrial Area. Nimekuandikia mara mbili kabla ya hii, na zote mbili nilizileta ofisini kwako kwa mkono wangu. Mara ya kwanza niliambiwa uko kikaoni. Mara ya pili niliambiwa barua imepokelewa. Sasa ni miezi mitatu. Nimeamua kuandika waziwazi, majirani wote wasome, kwa sababu ya jambo lililotupata Alhamisi iliyopita.

Saa tatu usiku mke wangu alinipigia simu akilia. Yeye huuza mitumba ya watoto Gikomba, na pesa za kununulia mzigo huziweka ndani ya kopo la majani chai. Zilikuwa shilingi 1,850. Kopo tupu, na mtoto hayupo. Kitinda mimba wetu ana miaka 12, yuko Gredi ya 6. Mheshimiwa, mlinzi akiacha lango usiku, asubuhi hana kazi. Kwa hiyo nilikaa pale saa moja na nusu, simu mkono mmoja, tochi mkono wa pili, namulika ukuta wa mtu na huku sijui kama mwanangu yuko hai. Jirani ndiye aliyempata, saa nne na nusu, kwenye kibanda cha gemu. Sweta ya shule alikuwa ameigeuza nje ndani ili asijulikane ni wa shule gani. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu mchana. Mfukoni amebaki na shilingi 40. Tulipomuuliza alisema alianza kuzichota Jumatatu, kidogo kidogo.

Kibanda hicho unakipita kila unapoingia mtaani. Kiko kama hatua 50 kutoka kwenye bango lenye picha yako. Ni mabati matupu, hakina dirisha, ndani kuna televisheni tatu na benchi. Mechi moja ya mpira ni shilingi 20, na sheria ya pale ni kwamba anayefungwa ndiye anayelipa. Tafadhali tulia kidogo kwenye sheria hiyo. Mtoto aliyefungwa haondoki, kwa maana anataka kulipiza. Aliyeshinda naye haondoki, kwa maana anacheza bure. Basi wanabaki wote, mpaka pesa iishe au mzazi atokee na fimbo. Na wakubwa wakishaingia, wanaweka dau juu ya mechi ya watoto.

Sina ugomvi na kijana mwenye kibanda. Naye anatafuta ugali, na sitamtaja. Wala sisemi gemu ni shetani. Nimekaa na mwanangu, nikacheza naye kwenye simu ya mamake, nikaona jinsi anavyofikiri haraka kuliko mimi. Mwalimu wake alinieleza kwamba Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeweka tatizo la kushindwa kujizuia na michezo hii: mtu hawezi kuacha, gemu inapewa nafasi kuliko kila kitu, na anaendelea hata akiona anaumia, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Mimi sisemi mwanangu ni mgonjwa. Nasema ni mtoto aliyekosa pa kwenda, na hilo nina ushahidi wake, kwa sababu mwaka jana alikuwa ameacha.

Naomba nikueleze alivyoacha, maana barua yangu yote iko hapo.

Mwanzoni nilifanya makosa. Nilimpiga, na ninajuta. Nikamnyang'anya simu, akahamia kibandani. Nikamfungia ndani, akatoroka, na hata ningefaulu, ningekuwa nimemfungia mtoto wa miaka 11 kwenye chumba cha futi 10 kwa 10 chenye vitanda viwili, jiko na mitungi ya maji. Shirika hilo hilo linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji angalau dakika 60 za kuutoa mwili jasho kila siku. Azitolee wapi? Kwenye korido ya ploti keateka amepiga marufuku mpira. Barabarani kuna bodaboda na matatu zinazokwepa foleni.

Kisha mzee mmoja wa ploti ya pili, aliyecheza ligi enzi zake, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Usimtoe mtoto kwenye gemu. Mpe kitu cha kutokea." Mimi hutoka kazini saa kumi na mbili asubuhi. Jumamosi moja, badala ya kulala, nikamchukua kijana wangu na wenzake wanne tukaenda kiwanjani. Mpira niliununua shilingi 1,200. Zamani tungeusokota wenyewe kwa majuala, lakini tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 hata mpira wa kusokota umekuwa wa kutafutiwa vifaa, na marufuku yenyewe ilikuwa nzuri kwa mitaro yetu, siilaumu.

Jumamosi ya kwanza walinuna. Dakika kumi wamechoka, wanataka kurudi. Mzee akawaambia anayetaka kurudi arudi, hakuna atakayemlaumu. Wawili wakaondoka. Jumamosi ya tatu walikuwa watoto 14. Baada ya miezi miwili walikuwa zaidi ya 40, na wasichana walikuwa na upande wao wa michezo ya kati, rounda na kuruka kamba, ingawa wawili kati yao ndio waliokuwa mabeki wetu bora. Fundi wa baiskeli pale kwenye kona akaanza kuwaonyesha wakubwa kuziba pancha na kukaza cheni. Mama mmoja akawa analeta uji. Hakuna aliyelipwa.

Tuliiga jambo moja kutoka Mathare. Tangu 1987 kule kuna chama cha vijana cha michezo, MYSA, ambacho timu zake hupata alama za ligi kwa kuzoa taka mtaani, mbali na alama za mechi. Kutoka kwa watoto hao ikazaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 2008. Kwa hiyo nasi tulianza kila Jumamosi kwa nusu saa ya kuzibua mtaro. Bila shaka uliuona ukiwa safi, kwa sababu ulipigwa picha kando yake.

Na kijana wangu? Hakuna siku aliyoamka akasema gemu sitaki. Ilipungua tu. Alikuwa akitoka shule anatupa mkoba, anakimbia kiwanjani, anarudi giza likiingia, amejaa vumbi mpaka kope, anakula sahani mbili na kusinzia akiwa amekaa. Kibandani alikuwa akienda siku moja kwa wiki, na nilimruhusu, kwa shilingi 20 nilizompa mwenyewe. Alama zake za Hisabati zilipanda. Alianza kuzungumza nasi tena. Mheshimiwa, nyinyi wenye nyumba za vyumba vingi huenda hamjui uchungu wa kukaa chumba kimoja na mtoto asiyekusemesha.

Halafu Jumatatu moja ya likizo ya Aprili tuliamka tukakuta mabati. Kiwanja kizima, kuanzia mtaroni hadi kwenye ukuta wa shule. Geti moja, kufuli moja, na mlinzi ambaye ni mwenzangu wa kazi na ambaye alinieleza kwa haya kwamba ameambiwa asimruhusu mtu. Wengine wanasema ni soko linajengwa. Wengine wanasema ghorofa za kupangisha. Kuna waliowaona watu wa kupima ardhi na bikoni zao wiki moja kabla. Mimi nadhani kuna mtu aliyeona pahali pakubwa hapana jengo akafikiri hapana kitu. Iwe iwavyo, mpaka leo ndani hakuna hata jiwe moja lililowekwa. Nyasi zinaota. Watoto huchungulia kwenye matundu ya misumari.

Ilichukua wiki mbili. Wiki mbili tu, na benchi la kibanda likajaa watoto wale wale niliokuwa nikiwajua kwa namba za jezi. Alhamisi iliyopita haikuanzia kwenye kopo la majani chai. Ilianzia kwenye geti hilo.

Sasa nakukumbusha, kwa heshima. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, ulisimama juu ya pikapu katikati ya kiwanja hicho hicho. Nilikuwa mbele. Ulinishika mkono kwa mikono yako miwili ukaniita mzazi. Ulisema kwa kipaza sauti kwamba ahadi ni deni, na kwamba utatujengea uwanja wenye taa, ukumbi wa vijana, vyoo na bomba la maji. Watoto waliopiga makofi wakati ule walikuwa na miaka minane, tisa. Leo wana 12 na 13. Mtoto hakungoji, Mheshimiwa. Hakai na miaka minane mpaka bajeti ipite.

Najua majibu yanayotolewa. Kwamba ardhi si kazi ya mwakilishi wa wadi, kwamba pesa ziko kwa serikali ya kaunti, kwamba mahakama, kwamba taratibu. Lakini hata sisi walinzi tunasoma. Usiku ni mrefu. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaiachia kaunti kumbi za video, maktaba, vifaa vya michezo na bustani za kupumzikia, vyote ndani ya fungu moja. Yaani kibanda kinachomtafuna mwanangu na kiwanja alichofungiwa viko mezani pamoja, kwenye bunge la kaunti, na katika wadi 85 za Nairobi wewe ndiye uliyechaguliwa kuikalia hiyo meza kwa niaba yetu. Ni kazi yako kuuliza. Uliza, basi, nani aliyeweka kufuli.

Wapo watakaokushauri uvunje vibanda upigwe picha. Tafadhali usifanye hivyo halafu ukaenda. Uchina mwaka 2021 waliamuru mtoto wa chini ya miaka 18 acheze gemu za mtandaoni saa moja tu, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Korea Kusini waliweka sheria mwaka 2011 ya kuwafungia walio chini ya miaka 16 gemu za mtandaoni usiku wa manane, na baada ya miaka kumi hivi wakaifuta. Kama serikali zenye mitambo ya namna hiyo zinahangaika, sisi tutamlinda nani kwa kubomoa mabati ya kijana mmoja? Watahamia simu za mama zao, gemu ya Free Fire mpaka usiku, chini ya blanketi. Mabati ya kubomoa ni yale ya kiwanjani.

Wanasoka Victor Wanyama na kakake McDonald Mariga walikulia Muthurwa, kwenye nyumba za reli, si mbali na hapa. Kabla watoto wetu hawajamchezesha Wanyama kwenye skrini kwa vidole, yeye alikuwa mtoto wa Eastlands mwenye pahali pa kukimbia. Sidai kwamba wangu atakuwa Wanyama. Nataka achoke jioni. Nataka arudi nyumbani na goti limechubuka na habari za kunisimulia.

Nilikuwa nimeandika maombi sita: taa, maji, ukumbi, magoli ya chuma, mkufunzi, na vitabu kama walivyopata watoto wa Kaloleni na Makadara maktaba zao zilipokarabatiwa. Nimeyafuta. Taa zisubiri. Ukumbi usubiri, na vyoo tutachimba wenyewe ikibidi. Mpira ninao, uko chini ya kitanda, umepungua upepo kidogo. Mzee bado yuko. Mama wa uji bado yuko. Hata huyo kijana wa kibanda ameniambia, kukiwa na kiwanja atafunga saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni siku za shule, na mimi ninamwamini.

Likizo ya Agosti inakuja. Watoto watakuwa nyumbani mchana kutwa, mama zao sokoni, na sisi wa zamu ya usiku tumelala. Kufuli ni moja, Mheshimiwa. Geti liko upande wa mtaro. Nakuomba ulifungue kabla shule hazijafungwa. Kama ujenzi haujaanza, hakuna anayeumia watoto wakicheza humo hata kwa mwezi mmoja. Nakuomba ulifungue. Mimi mwenyewe nitakaa getini bila malipo, nikitoka zamu, kila siku ya likizo hiyo, na jioni nitalifunga na kukurudishia ufunguo mkononi.

Wako kwa heshima,

Mzazi na mlinzi wa usiku,
Eastlands, Nairobi