Kaka, vitanda ishirini ni vingi

Leicester, Uingereza
Ijumaa usiku

Kaka yangu,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inayonitesa. Nipe mama shikamoo yangu, na umwambie halua ilifika. Ilikuwa imekandamizwa na viatu vya aliyeileta, lakini tuliila hivyo hivyo.

Picha ya ramani uliyochora kwa kalamu ya risasi nimeipata. Nyumba ya wakfu kule Langoni, kwetu Lamu, wazee wasio na wa kuwatazama, vitanda 20, vinne kila msana, vile vyumba virefu vyembamba. Wallahi nimefurahi. Lakini umeniuliza kama mpango huu unafaa, kwa vile kulea wazee ndiyo kazi yangu, basi nijibu kwa kazi yangu, na usinikasirikie.

Mwaka 2020, mwaka wa korona, nilikuwa nikifanya zamu nyumba mbili za wazee, kupitia wakala. Begi langu lilikuwa na sare mbili, ya buluu na ya kijani. Ya buluu ilikuwa ya hapa mjini: vitanda sitini na kitu, zulia jipya, maua mezani, na wakaguzi wameisifu hadi cheti kikatundikwa mlangoni. Ya kijani ilikuwa kijijini, mwendo wa basi wa karibu saa nzima. Ilikuwa na vyumba vichache, bomba zinavuja, zulia linanuka, na wakaguzi hawakuipenda. Ungeniambia nichague pa kumweka mama, ningekimbilia ile ya maua.

Ugonjwa uliingia kwenye ile ya maua. Machi mwaka ule serikali ilitaka hospitali zipate nafasi, na kwa muda wa mwezi mmoja hivi wagonjwa wapatao 25,000 wakatolewa kupelekwa nyumba za wazee, wengi bila kupimwa. Amri ya kumpima kila mmoja kwanza ilikuja katikati ya Aprili. Miaka miwili baadaye Mahakama Kuu ilisema utaratibu ule haukuwa halali, kwa sababu hawakuzingatia kwamba mtu asiye na dalili anaweza kuambukiza. Sisi wakati huo tulikuwa na barakoa moja kwa zamu nzima.

Palikuwa na bibi mmoja chumba cha mwisho, akili imeshamtoka, lakini kila usiku hunitilia tofi mfukoni. Barakoa hakuielewa. Akinyoosha mkono aivute apate kuniona mdomo, nami nikirudi nyuma, naye akilia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Siku ya nne ya homa yake nilikuta jina lake limeshatolewa mlangoni. Mpaka leo sijui nani alimpelekea. Huenda ni mgonjwa aliyeletwa kutoka hospitali, huenda ni mimi.

Kule kijijini, kimya. Si kwa usafi, Kaka, nisikudanganye. Mabasi yalipunguzwa, nikashindwa kufika, na sisi watu wa wakala sote tukashindwa. Waliobaki ni wanawake wa hapo hapo, wanaokuja kwa miguu. Ugonjwa ulipowafikia na wao, majira ya baridi, vipimo vilikuwa tele na chanjo ilikuwa imeanza, Desemba 2020. Hebu fikiri: wazee wale waliokolewa na ratiba ya basi.

Nilidhani ni bahati yetu tu, kumbe kwingine ni vivyo hivyo. Marekani nyumba hizi hupewa nyota, moja hadi tano. Watafiti walipotazama zipi zilipata wagonjwa mwaka ule, nyota hazikusaidia kutofautisha. Kilichotofautisha ni ukubwa wa nyumba na kuwa mjini, penye ugonjwa mwingi mtaani. Ile ya Kirkland, karibu na Seattle, iliyotajwa dunia nzima Februari 2020, walikuta wafanyakazi wake wengine walikuwa wakifanya kazi nyumba zaidi ya moja, tena wakiwa wagonjwa. Mimi na begi langu la sare mbili niliposoma hayo nilifunga simu.

Maana ugonjwa wa mtaani hauruki ukuta. Huingia na sisi. Leicester ilifungwa peke yake mwishoni mwa Juni 2020, sehemu nyingine za nchi zikifunguliwa, na walezi tulikaa mitaa hiyo hiyo ya nyumba zilizobanana. Na ukiumwa, malipo ya kisheria hayakufika pauni 100 kwa wiki. Nani atakaa nyumbani na kikohozi? Hapa Uingereza wenyewe waligundua kuwa nyumba zilizowalipa wafanyakazi wao vizuri wakiumwa zilikuwa na maambukizi machache kwa wazee.

Sasa nirudi kwenye ramani yako. Vitanda vinne msana mmoja ndiyo iliyonitoa jasho. Ontario, kule Kanada, nyumba kongwe walizolala wanne chumba kimoja zilipigwa vibaya kuliko zile za chumba kwa mtu mmoja. Kuta za mawe zile nene ni nzuri kwa joto, lakini hewa yote inategemea kiwanda, ule ua wa ndani, na wewe umechora kiwanda kimeezekwa mabati eti mvua isiingie. Kiache wazi. Mvua itafagiliwa.

Weka wazee wanane, wawili wawili. Najua wafadhili wanapenda kuona vitanda vingi. Waambie ni mimi niliyekataa. Walezi wawe wa Langoni, wa mlango kwa mlango, wasiwe wanaolala hapo, kisha asubuhi na jioni wanavuka kwenda kibarua Mokowe, ng'ambo bara. Akiumwa mmoja alipwe akae kwao. Hela hiyo nitatuma mimi kila mwezi, nimeshapiga hesabu.

Na usinielewe vibaya ukadhani basi mkajenge shambani, mbali na watu. Mbali nako kuna yake. Ugonjwa huchelewa kufika, na oksijeni huchelewa pia. Unakumbuka tulivyomvusha baba kwa boti usiku, kisha ile safari ya Witu hadi Mombasa? Mzee anayetweta hana saa hizo zote. Kwa hiyo mjini ni sawa, karibu na hospitali ya King Fahd, ila nyumba iwe ndogo.

Jambo moja ramani yako haikusema. Chukua machela, mlaze mtoto wako mkubwa, mtoke naye mlangoni pa nyumba hiyo mpaka gatini. Mkutane na punda njiani, makusudi. Kisha niandikie mmekwama kona ipi.

Mdogo wako